Daktari Usiyemjua: Ni Nani Anayekutibu Unapolazwa Hospitalini Marekani

Mtu aliyezoea hospitali za nyumbani, iwe Bukavu, Kigoma, Bujumbura au Mombasa, akilazwa kwa mara ya kwanza katika hospitali ya Marekani hukutana na jambo linalomtatiza. Daktari wake wa kliniki, yule anayempima shinikizo la damu kila baada ya miezi michache na anayewajua watoto wake kwa majina, haji kumwona. Huja mtu mgeni kabisa, hujitambulisha kwa haraka, huuliza maswali ambayo mgonjwa alikwisha kuyajibu katika idara ya dharura, hutoa maagizo, kisha huondoka. Baada ya siku chache mgeni huyo naye hutoweka, na nafasi yake hushikwa na mwingine. Si ajabu mgonjwa akadhani kwamba ametelekezwa, au kwamba daktari wake ameudhika naye.

Hakutelekezwa. Huo ndio utaratibu wa kawaida katika hospitali nyingi za nchi hii, na daktari huyo mgeni ana jina la kazi: hospitalisti. Ni vyema ulijue neno hilo kwa sababu utalisikia wodini na huenda ukaliona katika bili. Katika makala haya tutamwita zaidi daktari wa wodini, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Ni daktari kamili mwenye leseni, ambaye kazi yake ni kuwatibu watu waliolazwa. Kwa kawaida hana kliniki ya kukupokea baada ya kuruhusiwa. Wengi wao wamesomea magonjwa ya ndani ya watu wazima, wengine tiba ya familia, na katika wodi za watoto utakutana na waliosomea tiba ya watoto.

Jambo moja litatawala maelezo yote yanayofuata. Daktari wa wodini anaijua hospitali vizuri kuliko daktari wako wa kliniki, lakini wewe hakujui. Kila asichokijua kukuhusu lazima kimfikie kwa njia fulani, na kila alichokifanya lazima kimfikie daktari wako utakapotoka. Madhara mengi hutokea katika njia hizo mbili, si kitandani.

Utaratibu huu ulitoka wapi

Zamani daktari wa kliniki ndiye aliyemfuata mgonjwa wake hospitalini. Alipita wodini asubuhi na mapema kabla ya kufungua kliniki, akarudi jioni baada ya kuifunga. Hali ya mgonjwa ikibadilika mchana, muuguzi alimpigia simu naye akaamua akiwa mbali. Kadiri wagonjwa waliolazwa walivyozidi kuwa na maradhi mazito, na kadiri kampuni za bima zilivyobana gharama za kulazwa, mpango huo ulielemewa. Mwezi Agosti 1996 madaktari wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, Robert Wachter na Lee Goldman, waliandika katika New England Journal of Medicine kuhusu aina ya daktari iliyokuwa ikichipuka, wakaipa jina hilo la hospitalisti. Mwaka 2003 madaktari walio katika mafunzo ya ubingwa waliwekewa ukomo wa saa 80 za kazi kwa wiki, na hospitali za kufundishia zikahitaji watu wa kuziba pengo. Kufikia 2016 madaktari wa wodini nchini walikuwa wamekadiriwa kufikia 50,000 au zaidi.

Je, mgonjwa amefaidika? Jibu la haki si la upande mmoja. Faida iliyo wazi ni kwamba daktari yumo jengoni. Pumzi ikikubana mchana, au majibu ya damu yakitoka na dosari, anayeamua anaweza kufika kitandani kwako badala ya kutoa maagizo kwa simu akiwa kliniki mjini. Tafiti nyingi zimeonyesha pia kwamba muda wa kulazwa hupungua. Kwa upande wa pili, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika JAMA Internal Medicine ulipitia rekodi zaidi ya 500,000 za wazee wa bima ya Medicare waliolazwa mwaka 2013. Wale waliotibiwa wodini na daktari wao wa kliniki walikaa muda mrefu kidogo zaidi, lakini walielekea zaidi kurudi nyumbani kwao badala ya kupelekwa mahali pengine, na vifo ndani ya siku 30 vilikuwa vichache zaidi miongoni mwao. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi sababu, maana huenda wagonjwa wa makundi hayo hawakuwa sawa tangu mwanzo. Hata hivyo, unaafikiana na jambo ambalo kila familia inalifahamu: kumjua mgonjwa kuna thamani yake. Kwa kuwa mara nyingi huwezi kuchagua kutibiwa wodini na daktari wako wa kliniki, lililo mikononi mwako ni kumsaidia huyu mgeni akujue.

Mambo ambayo kompyuta haimwambii

Daktari wa wodini husoma rekodi zako kwenye kompyuta kabla ya kuingia chumbani, lakini rekodi za kliniki yako si lazima ziwe katika mfumo uleule, na yaliyotokea kabla hujafika Marekani huenda hayamo popote. Ndiyo maana anakuuliza upya. Usikasirike ukiulizwa swali moja na watu watatu. Wanalinganisha majibu, na mara kwa mara jibu la tatu ndilo linalofichua kosa.

Mwambie dawa zote unazotumia, na ikiwezekana ndugu yako azilete zikiwa katika chupa zake. Dawa ni pamoja na zile ulizotumiwa kutoka nyumbani, vidonge ulivyogawiwa na jirani, na dawa za miti shamba. Hapa wengi hunyamaza kwa haya, wakiogopa kudharauliwa. Daktari hana haja ya kukuhukumu. Anachohitaji kujua ni kwa nini sukari yako imeshuka kuliko ilivyotarajiwa, au kwa nini damu yako inachelewa kuganda, na baadhi ya dawa za miti shamba huleta mambo hayo. Ikiwa unafunga Ramadhani, au umefunga kwa maombi, sema pia, hasa kama unatumia insulini.

Mwambie kuhusu safari. Hili tunalisisitiza kuliko mengine. Daktari aliyesomea na kufanya kazi Marekani huenda hukutana na malaria kwa nadra sana. Mtu akifika hospitalini na homa, maumivu ya kichwa na kutapika, daktari hufikiria kwanza mafua makali au maambukizi mengine ya huku. Ikiwa ulirudi kutoka Uvira au Kisumu wiki mbili zilizopita, sentensi moja kutoka kwako inaweza kuharakisha kipimo ambacho kingechelewa, na malaria kali haisubiri. Wanaokwenda kusalimia nyumbani baada ya kukaa ugenini kwa miaka mingi wasijidanganye kwamba bado wana kinga yao ya zamani, kwa sababu kinga hiyo hufifia. Mweleze pia kama uliwahi kutibiwa kifua kikuu, kama kuna selimundu katika ukoo, au kama uliongezewa damu.

Haki ya kusikilizwa kwa lugha yako

Hayo yote hayana maana ikiwa maneno hayafiki. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, katika sehemu yake ya sita, pamoja na Kifungu cha 1557 cha sheria ya huduma za afya ya mwaka 2010, huzitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu, yaani karibu zote, zimpatie mgonjwa asiyejua Kiingereza vizuri mkalimani aliyehitimu, bila malipo. Hospitali haiwezi kukutaka uje na mkalimani wako. Haitakiwi kumtegemea mtoto mdogo kuwa mkalimani isipokuwa katika dharura, pale ambapo hakuna mkalimani aliyehitimu kwa wakati ule.

Tunajua kwamba katika nyumba nyingi mtoto wa miaka kumi na mbili ndiye anayewasomea wazazi barua na kuwajibia simu. Wodini jambo hilo ni hatari, na si kwa sababu mtoto hana akili. Mama hatataja mbele ya mwanawe kwamba anatokwa damu ya uzazi, na mtoto hatatamka mbele ya baba yake neno saratani. Ukipewa simu au kioo cha video chenye mkalimani, kitumie hata kama Kiingereza chako kinatosha sokoni.

Wala usione aibu kusema kwamba mkalimani huyo humwelewi. Katika dawati la mapokezi, mzee wa Kibembe au Mnyamulenge huandikwa kwamba lugha yake ni Kiswahili kwa sababu alikitaja alipofika, ilhali Kiswahili chake ni cha sokoni na lugha anayoielewa akiwa na homa ni nyingine. Hata kati ya wazungumzaji wa Kiswahili wenyewe, aliyekulia Lamu na aliyekulia Goma hawaziiti sehemu zote za mwili kwa majina yaleyale. Una haki ya kusema, "Naomba mkalimani mwingine," au kutaja lugha yako hasa.

Jihadhari zaidi na saa. Mkalimani akikuambia umeze kidonge saa mbili, je, ni 8:00 au ni 2:00? Si watu wote wanaozungumza Kiswahili huhesabu saa kwa namna moja, na kompyuta ya hospitali haijui hesabu yetu kabisa. Omba kila saa iandikwe kwa tarakimu, pamoja na alama ya asubuhi au jioni kama inavyoandikwa huku, kisha urudie kwa maneno yako: "Nitameza hiki kabla ya kwenda kazini, na hiki kabla ya kulala." Kurudia si dalili ya ujinga. Madaktari wengi hufundishwa kumwomba mgonjwa afanye hivyo.

Swali linalosikika kama uchuro

Usiku uleule wa kwanza, mara nyingi daktari wa wodini atauliza swali linalowashtua watu wetu kuliko yote: moyo wako ukisimama, ungependa tujaribu kuurudisha? Ungependa kuwekewa mashine ya kupumulia? Mgonjwa aliyekuja na nimonia tu huona kwamba ametabiriwa kifo. Ndugu huangaliana. Wengine humwona daktari kuwa mchuro.

Elewa kwamba katika hospitali nyingi huulizwa karibu kila mtu mzima anayelazwa, hata aliyekuja kwa tatizo dogo. Daktari huyu hakujui, hajawahi kuzungumza nawe kuhusu maisha yako, na jambo hilo likitokea usiku hatakuwa na nafasi ya kuuliza. Sheria ya mwaka 1990 ya serikali kuu huzitaka hospitali zimwarifu kila mtu mzima anayelazwa kuhusu haki yake ya kuandika matakwa yake ya matibabu mapema. Usipochagua lolote, hospitali kwa kawaida itafanya kila liwezekanalo. Ukichagua, unaweza kubadili kauli yako wakati wowote, na kauli ya kutotaka moyo ushtuliwe haina maana kwamba dawa, chakula au uangalizi wako vitapunguzwa. Ukihitaji muda, sema, "Nataka kuzungumza na familia yangu kwanza." Hilo ni jibu kamili.

Hapa kuna tofauti ya desturi ambayo haifai kufichwa. Nyumbani, habari nzito humfikia kwanza mtoto mkubwa au kaka wa ukoo, naye hupima namna ya kumwambia mgonjwa. Huku daktari humwambia mgonjwa mwenyewe, na kwa kawaida atamwuliza kama anaridhia kuzungumza na jamaa zake. Mgonjwa anayetaka mambo yaende kwa njia ya kwao anaweza kulisema hilo waziwazi: "Mweleze mwanangu wa kwanza, naye atanieleza." Madaktari wengi watalikubali ombi hilo likitoka kinywani mwake. Linalofaa zaidi ni kumteua mtu huyo kwa maandishi, kwa fomu ya wakala wa maamuzi ya afya ambayo hospitali inaweza kukupatia. Bila fomu hiyo, sheria ya jimbo ndiyo huamua nani azungumze kwa niaba yako utakapopoteza fahamu, na mpangilio wake huenda usifanane na mpangilio wa ukoo wenu.

Zamu na makabidhiano

Madaktari wengi wa wodini hufanya kazi siku saba mfululizo, takriban saa 12 kwa siku, kisha hupumzika siku saba. Usiku kuna mwingine wa zamu. Pamoja naye utaona wauguzi wenye mamlaka ya kutibu, wasaidizi wa daktari, madaktari walio mafunzoni, na madaktari bingwa wa moyo au figo walioitwa kutoa ushauri. Katikati ya msururu huo swali moja hukuweka sawa: "Ni nani leo mwenye dhamana ya matibabu yangu yote?" Katika vyumba vingi kuna ubao mweupe ukutani wenye nafasi ya majina ya daktari na muuguzi wa siku. Sisi tunauona ubao huo kuwa chombo kinachopuuzwa mno. Ukiwa na jina la juzi, omba libadilishwe.

Swali la pili la kumwuliza daktari ni hili: "Zamu yako inaisha lini?" Akikujibu kwamba inaisha kesho, mwombe akueleze siku hiyohiyo mpango wako ulivyo, kipimo gani kinasubiriwa na ni nini kitakachoamua siku ya kuruhusiwa. Andika. Mgeni atakayeingia atakuwa amepokea maelezo kwa mwenzake, lakini maelezo ya watu kumi na watano au zaidi yanayopokelewa kwa mkupuo hupoteza mengi njiani. Ukimwambia, "Mwenzako alisema dawa ya kuzuia damu kuganda ilisimamishwa kwa muda kwa ajili ya kipimo," umeziba tundu ambalo pengine hakuna aliyeliona.

Ndugu asiyeweza kuwapo daktari anapopita anaweza kuomba apigiwe simu. Hata aliye Nairobi anaweza kusikiliza kwa kipaza sauti cha simu, mradi mgonjwa ameridhia na mkalimani yumo katika mazungumzo.

Umelala kitandani, lakini je, umelazwa?

Tunafika kwenye jambo ambalo limewagharimu wazee fedha nyingi. Mtu anaweza kulala katika kitanda cha hospitali usiku kucha, akavaa gauni la hospitali na kuletewa chakula, na bado kwa lugha ya bima akawa mgonjwa wa nje aliye katika uangalizi. Anayeamua ni daktari, mara nyingi huyuhuyu wa wodini, akifuata kanuni za bima. Kwa Medicare, kanuni iliyoanza Oktoba 2013 ni kwamba kwa kawaida daktari atamlaza rasmi mgonjwa anayetarajiwa kuhitaji huduma ya hospitali kwa muda unaovuka saa sita za usiku mara mbili.

Tofauti hiyo hubadilisha malipo. Mgonjwa wa uangalizi hulipiwa kwa sehemu B ya Medicare, si sehemu A, na dawa alizozoea kumeza mwenyewe nyumbani huenda zisilipiwe. Zaidi ya hapo, Medicare ya kawaida hulipia kituo cha uuguzi baada ya hospitali ikiwa tu mgonjwa alilazwa rasmi kwa siku tatu mfululizo, bila kuhesabu siku ya kutoka. Mchukulie bibi aliyeanguka na kuvunjika nyonga ndogo isiyohitaji upasuaji. Alikaa hospitalini siku nne, mbili za kwanza zikiwa za uangalizi. Anapelekwa kituo cha uuguzi ajifunze kutembea upya, na familia inatumiwa bili yote, kwa sababu siku zake za kulazwa rasmi hazikutimia tatu. Baadhi ya mipango ya Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi huondoa sharti hilo, na Medicaid ina kanuni zake kulingana na jimbo, kwa hiyo piga simu kwa bima yako kabla ya kukubali kuhamishwa.

Sheria iliyopitishwa mwaka 2015 huitaka hospitali impe mgonjwa wa Medicare aliyekaa katika uangalizi zaidi ya saa 24 notisi ya maandishi, kabla ya kupita saa 36. Wahudumu huiita MOON. Utaombwa utie sahihi. Sahihi yako inathibitisha kwamba umeipokea, haisemi kwamba umekubaliana nayo. Lakini usingoje karatasi. Kila asubuhi mwulize daktari au msimamizi wa huduma zako: "Nimelazwa rasmi, au niko katika uangalizi?" Na ikiwa hali yako ni nzito kuliko ilivyoonekana mwanzoni, mwambie daktari wa wodini afikirie upya. Anayo mamlaka ya kukulaza rasmi ungali hospitalini, lakini hawezi kuirudisha nyuma siku iliyokwisha kupita.

Siku ya kutoka

Ikiwa una Medicare na umelazwa rasmi, unapaswa kupewa notisi ya haki zako ndani ya siku mbili za kulazwa, na nakala yake tena kabla ya kutoka. Ukiona unaruhusiwa mapema mno, notisi hiyo ina namba ya simu ya chombo huru cha kukata rufaa. Ukikata rufaa kabla siku ya kuruhusiwa haijaisha, unaweza kubaki bila kutozwa gharama za siku za ziada, isipokuwa michango yako ya kawaida ya bima, hadi saa sita mchana wa siku inayofuata uamuzi.

Wengi, hata hivyo, hutaka kurudi nyumbani haraka, na hapo ndipo mambo huanguka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya watano wa Medicare alilazwa tena ndani ya siku 30. Kwa takriban nusu ya waliotoka wakiwa na ugonjwa usiohitaji upasuaji kisha wakarudi, hapakuwa na rekodi ya malipo yoyote ya kumwona daktari kati ya kutoka na kurudi. Mwingine, wa mwaka 2005, katika hospitali mbili, uliona kwamba asilimia 41 ya wagonjwa walitoka kukiwa na majibu ya vipimo ambayo yalikuwa hayajarudi.

Fikiria maana yake. Majibu yanarudi Alhamisi. Daktari aliyeagiza kipimo amemaliza zamu yake Jumatano. Daktari wako wa kliniki hajui kwamba ulilazwa. Kwa hiyo, kabla ya kuvaa viatu, uliza: "Kuna kipimo ambacho majibu yake hayajatoka? Nani atanipigia simu, na nisipopigiwa nimpigie nani?" Hakikisha jina la kliniki yako lililo kwenye kompyuta ni la sasa, maana watu wetu huhama mji na mtaa mara nyingi. Omba miadi ya kliniki iwekwe kabla hujatoka, na omba nakala ya muhtasari wa matibabu uibebe mwenyewe. Rekodi hizo ni haki yako kwa sheria.

Kuhusu dawa, karatasi ya kuruhusiwa inapaswa kukuonyesha zipi ni mpya, zipi kipimo chake kimebadilika, na zipi uache. Aina ya tatu ndiyo inayosahaulika. Hospitali hutumia dawa zilizo katika ghala lake, na huenda kidonge chako cha shinikizo la damu kikabadilishwa na ndugu yake mwenye jina jingine. Ukifika nyumbani ukameza vyote viwili, unameza dawa ileile mara mbili. Zipange chupa za zamani kando ya karatasi mpya, na usiyoielewa mpelekee mfamasia.

Bili za watu usiowakumbuka

Wiki chache baadaye barua huanza kufika. Bili ya hospitali ni moja tu kati ya hizo. Daktari wa wodini mara nyingi ameajiriwa na kampuni nyingine, nayo hukutumia bili yake. Msomaji wa picha za eksirei vilevile. Si lazima iwe ni utapeli, lakini usilipe kabla ya kuuliza bima yako imeamua nini.

Tangu tarehe 1 Januari 2022, sheria ya kuzuia bili za kushtukiza inakulinda ikiwa una bima binafsi, ya mwajiri au uliyoinunua mwenyewe. Ukilazwa katika hospitali iliyo ndani ya mtandao wa bima yako, daktari wa wodini aliye nje ya mtandao haruhusiwi kukudai zaidi ya ambavyo ungelipa angekuwa ndani yake. Kanuni za sheria hiyo zinawataja mahospitalisti waziwazi, na kwa huduma zao haki hiyo haiondolewi hata kama ulitia sahihi karatasi ya kuridhia. Dawati la serikali kuu linalopokea malalamiko hayo ni 1-800-985-3059, na unaweza kuomba mkalimani unapopiga.

Kwa asiye na bima, au mwenye bima isiyotosha: hospitali zisizo za kibiashara zinatakiwa na sheria ya kodi kuwa na mpango ulioandikwa wa msaada wa malipo, na zinapaswa kupokea maombi hadi siku 240 tangu bili ya kwanza iliyotolewa baada ya kutoka. Omba fomu hiyo katika ofisi ya malipo, pamoja na bili inayoonyesha kila huduma kwa mstari wake. Uliza pia kama mpango huo unahusu bili ya daktari wa wodini au ya hospitali peke yake, kwa sababu hospitali inatakiwa kuwa na orodha ya madaktari wanaohusika na wasiohusika. Ofisi ikikujibu kwamba umechelewa, tazama tarehe ya bili ya kwanza na uhesabu siku mwenyewe.